Bomba la Kuoshea Miguu

Ziemowit alikuja na orodha
aliyoiandika nyuma ya risiti ya duka la rangi:
mnara wa taa, jumba la kaharabu,
garimoshi la watoto, samaki wa kwenye vioo,
na vingine vitatu ambavyo mwandiko wake ulivificha.
Siku saba, vivutio saba.
Tulitoka Łódź usiku, magoti ya watoto mbavuni mwetu,
na mama mkwe, Bibi Jadwiga, amepakata sufuria
kwa kuwa hawaamini watu wa pwani na supu.

Jumatatu, bahari ya Baltiki.
Ufuo mzima umekatwa viwanja:
kila familia na pazia lake la kukingia upepo,
vigingi vimegongomewa tangu alfajiri,
kina baba wanalinda mipaka kama wenye hati miliki.
Sisi tulipata kipande kati ya pipa la taka
na mwanamume aliyelala na soksi.
Maji tulikuwa tumeshayavulia nguo. Tukayaoga.
Kalina alitoka na midomo ya zambarau,
akasema, kwa heshima zote, "Basi."

Jumanne, mnara. Ngazi mia na ishirini na tisa;
nilizihesabu kwa sababu Tymek alitaka kubebwa
kuanzia ya nne.
Juu kulikuwa na ukungu.
Tulilipa ili tuuone kwa karibu.

Jumatano mvua.
Alhamisi mvua, na jumba la kaharabu:
mbu mmoja, amenaswa ndani ya utomvu
kabla watu hawajakuwako,
mguu mmoja ameuinua
kama mwanafunzi anayetaka kuuliza swali.
Ziemowit alisimama pale muda mrefu.
Tangu kiwanda kifungwe mwezi wa Machi
husimama hivyo mbele ya vitu vidogo.
Sikumwambia twende.

Ijumaa jua likatukumbuka.
Tulinunua gofri, mkate wa vijumba vijumba kama sega,
krimu imerundikwa hadi puani.
Shakwe akashuka, akachukua nusu bila hodi.
Tymek aliililia ile nusu,
kisha akamcheka shakwe, krimu kidevuni, akiruka.

Na pale inapoishia njia ya mbao
kuna bomba la kuoshea miguu.
Halimo kwenye orodha. Halina tiketi.
Ukikanyaga kitufe linakohoa mara mbili,
linatoa maji, linakata.
Tymek alikanyaga.
Akakanyaga tena.
Aliosha miguu yake, kisha koleo, kisha jiwe,
kisha miguu ya mama mmoja tusiyemjua
aliyemwambia "asante, bwana,"
akajifuta kidole kimoja kimoja.
Watu wakapanga foleni, kweli, foleni.
Bwana Wincenty, mlinzi wa choo cha jirani,
akaacha kisahani chake cha sarafu, akaja na kiti.
"Mwaka wa kumi na moja niko hapa," alisema,
"nililijua hili kuwa bomba tu."

Saa nzima na robo.
Garimoshi la watoto lilipita likipiga kengele,
behewa zote tupu, likapita tena.
Kalina alijifanya hatujui.
Bibi Jadwiga alikuwa kwenye benchi lake,
lile lililogeuzwa vibaya,
linaloipa bahari mgongo na kutazama kituo cha basi.
"Bahari nimeshaiona," alisema.
"Hawa wanaoshuka, bado."
Supu ya sufuria ilimalizikia hapo,
na Bwana Wincenty aliomba ya pili.

Septemba, mwalimu akawaambia wachore likizo.
Ukutani mwa darasa: mawimbi, majumba ya mchanga,
mnara mwekundu unaogusa jua.
Yake ilikuwa chini, karibu na swichi:
bomba, na miguu kumi iliyojipanga,
bila watu juu yake.
Niliitambua yetu sote kwa ukubwa.
Wa baba yake mmoja
aliuchora umeinuliwa kidogo,
unangoja zamu.